Koki Iliyofunguliwa Rasmi

Nchi ninayoisimulia si yenu, tuelewane kabla sijaketi. Kwenu maji yanatoka. Hii ni nchi nyingine kabisa, iko mbali, nyuma ya milima, na jina lake nimeshauriwa na watu wanaonitakia mema nisilitaje. Kwa hiyo ukisikia jambo linafanana na la kwenu, ujue ni masikio yako tu, mimi simo.

Nakaa Teremkoni, mtaa wa mwisho wa jiji, nyumba yenye baraza ndefu kuliko watu wa mipango miji wanavyopenda. Kwangu hakuna hodi. Watu wanaingia, wanakuta chai, wanakaa, na mpaka wanyanyuke nimeshajua nani kaachika, nani kahamishwa kazi kwa hasira za bosi, na nani anasema ana mimba huku anakula maembe mabichi kwa maonyesho tu. Siku nisipokuwa na mgeni naumwa kichwa. Na mkabala na geti langu kuna shimo la serikali, limejengewa kwa zege, na ndani ya shimo kuna koki.

Nikisema koki msifikirie ile ya jikoni. Hii ni koki ya bomba kuu, bomba ambalo mbuzi anaweza kupita ndani akiwa amesimama. Koki yenyewe ina kimo cha mtu mzima. Juu yake kuna usukani wa chuma mpana kama meza ya kulia, na katikati ya usukani imesimama fimbo nene yenye nyuzi kama za boliti. Ukizungusha usukani, fimbo inapanda, na bamba zito lililo ndani ya bomba linanyanyuka, maji yanapita. Ukizungusha kinyume, bamba linashuka, maji yanakatika. Basi. Hata mimi naelewa, na shule niliyosoma mimi ilikuwa sokoni.

Matatizo yake yote yalitokana na heshima.

Kila mwaka nchi ile huadhimisha Siku ya Maji, na siku hiyo Mheshimiwa Mwenyewe huja Teremkoni kuwafungulia wananchi maji. Sasa wewe fikiri: maji yanatoka mwaka mzima, mgeni rasmi atafungua nini? Watu wa itifaki wakaliona hilo mapema. Wakaamua kwamba kabla ya sherehe koki ifungwe, mtaa ukae na kiu kidogo, ili mgeni rasmi akifika awe na kitu cha kufungua na wananchi wawe na kitu cha kushangilia. Na kwa kuwa mgeni rasmi hawezi kushika chuma chenye kutu, koki inapakwa rangi ya Taifa, ambayo kule ni zambarau. Inapakwa yote: mwili, usukani, nati, na ile fimbo, nyuzi zake zote, mpaka inang'aa kama keki ya harusi. Mwaka unaofuata inapakwa tena juu ya ile ile, maana kukwangua rangi ya Taifa ni kosa.

Mwaka huo ninaousema, koki ilifungwa kama kawaida, ikapakwa kama kawaida, halafu Mheshimiwa akachelewa. Alikuwa nje ya nchi akipokea tuzo ya maji. Rangi ikapata nafasi ya kukauka vizuri, ikaingia kwenye nyuzi za fimbo, ikashikana na rangi za miaka yote ya nyuma kama ndugu waliokutana msibani.

Akaja. Akavua miwani, akashika usukani, akauzungusha. Usukani ukakaa kimya. Akavuta pumzi, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Walinzi wakatazamana. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikasikia kwa masikio yangu mlio wa kitu kukatika, na mpaka leo sijui kilikuwa ndani ya koki au ndani ya Mheshimiwa. Pale pale Mkurugenzi wa Mabomba, Dakta Luhende, akaruka mbele ya kipaza sauti.

"Imefunguka!" akapiga kelele. "Wananchi, imefunguka!"

Bendi ikapiga. Tukapiga vigelegele. Dakta Luhende akabubujikwa na machozi ya furaha, na hayo ndiyo maji pekee yaliyotiririka Teremkoni siku hiyo.

Nikarudi ndani, nikafungua bomba langu la uani. Likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.

*

Shoga yangu Siwatu, wa nyumba ya pili, yeye hana subira. Akajifunga kanga, akaenda ofisi ya maji kulalamika. Aliporudi nikamuuliza, wamekwambiaje?

"Nimewaambia koki imefungwa. Wakaniuliza, nani kaifunga? Nikasema sijui. Wakasema, Mheshimiwa kaifungua mbele ya taifa zima, picha zipo, sasa wewe unasema Mheshimiwa hakufungua?"

"Ukajibuje?"

"Nikasema maji yananijia mengi mno, mpaka silali kwa kelele zake. Wakanishukuru kwa mrejesho."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kiserikali koki ilikuwa wazi, na mtu akisema imefungwa anatafuta mengine.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Pale ambapo fimbo inaingia kwenye mwili wa koki, kuna kamba ya kuzibia iliyosokotwa, inabanwa na nati mbili ili maji yasipande juu. Mheshimiwa alipovuta kwa nguvu zake za kikatiba, kamba ile ikasogea. Basi upande wa juu wa lile bamba, ambako maji yamejaa yakisukuma kutoka Kilimani, kijito chembamba kama kidole kikapata upenyo, kikawa kinatiririka mchana na usiku. Teremkoni nzima ikaishi kwa kidole hicho. Tukaweka mabati ya kukingia, tukapanga ndoo. Na kwa kuwa foleni ilianzia shimoni na kuishia barazani kwangu, sitawadanganya, sijawahi kuwa na wageni wengi namna ile. Habari zote za mji zilipita kwangu zikisubiri ndoo zijae. Hata wanawake wa mitaa ya ng'ambo niliokuwa sisalimiani nao tukapatana.

Tungeweza kuishi hivyo mpaka kiama. Lakini binti yangu Zawena akaposwa.

*

Kijana alikuwa mzuri, Mahfudhi, fundi wa redio, mpole. Lakini wale ni watu wa Kilimani, huko juu ambako bomba linatokea, wanaoga kila wapendapo. Na kijana ana shangazi. Shangazi mwenyewe ni Bi Kirembo, mwanamke akiingia ndani macho yake yanatangulia kuhesabu nyufa.

Alikuja kukagua. Nikampa chai, akaitazama kana kwamba inamdai.

"Mkwe," akasema, "hii chai umeipikia maji gani?"

"Maji ya koki, Bi Kirembo."

"Ile inayovuja pale shimoni?"

"Inavujia upande mzuri."

Akaweka kikombe chini. "Mimi sina neno. Ndoa kwa mila inafungwa kwa bibi harusi, karamu kwa bibi harusi. Lakini watu wetu ni wengi, na watu wetu wananawa. Wananawa kabla, wananawa baada, wengine wananawa katikati. Siku ya harusi nikikuta mapipa makavu, nageuza gari, tunafungia kwetu. Nawe utakuja ukiwa mgeni, tutakupa kiti cha mbele."

Mimi, mgeni! Harusi ya mwanangu wa pekee! Nimelisha watu wa mtaa huu tangu ujana wangu, misiba, maulidi, ngoma, waliofukuzwa na waume zao, waliofukuza waume zao, halafu siku yangu mwenyewe nikakalishwe kiti cha mbele Kilimani kama mjumbe wa nyumba kumi?

"Mapipa yatajaa," nikamwambia. "Njoo na watu wako wote. Njoo na wanaonawa katikati."

Zawena akanivuta jikoni. "Mama, tutayajaza na nini? Kidole kile?"

"Kidole hicho hicho, mwanangu. Mtaa mzima utatuachia foleni siku mbili tatu. Nimeshaongea nao. Nani alikula kwangu akasahau?"

Na kweli walikubali, wote. Hapo ndipo serikali ikaamua kutusaidia.

*

Ilikuja kamati. Jina lake lilikuwa Kamati ya Kuiendeleza Koki Katika Hali Yake ya Kufunguka, maana haikuruhusiwa kuitwa ya kutengeneza. Mwenyekiti Dakta Luhende. Wakapiga hema juu ya shimo, na kwa kuwa hema halikuwa na jiko, wakala kwangu.

Kati yao alikuwemo injinia wa koki, Injinia Ndimbo, mtu wa kitambi na cheo, amesomea koki ng'ambo tena zile kubwa za mafuta na gesi. Siku ya kwanza alishuka shimoni na nondo. Ncha moja akaiegemeza kwenye mwili wa koki, ncha nyingine sikioni, akasikiliza.

"Nini hicho?" akauliza Dakta Luhende.

"Nasikiliza kama maji yanapita, Dakta. Yakipita utasikia mvumo. Yasipopita, kimya."

"Na unasikia nini?"

Injinia akatazama juu, akatazama walinzi, akatazama picha ya Mheshimiwa iliyotundikwa hemani. "Nasikia kimya chenye matumaini," akasema.

Basi ikabidi wajumbe wote washuke wasikilize mmoja mmoja. Mmoja akasema kasikia mvumo, mwingine kasikia wimbo wa Taifa. Mjumbe wa Utamaduni alitoka analia. Wakaandika kwamba koki iko hai na ina ari.

Injinia alipokuja kula nikamwekea samaki, nikamkalia mbele.

"Baba, nieleze kama unavyomweleza mtu mzima. Ile koki inaumwa nini?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Mama Zawena, hata kuku wako wanajua. Ni rangi. Fimbo ile ilikuwa na nyuzi, sasa ni mshumaa. Kwangua rangi, mwaga mafuta ya taa, acha yalowe, paka grisi, legeza zile nati mbili, halafu usukani unaupeleka mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, bila kulazimisha. Itafunguka kabla chakula cha mchana hakijaiva."

"Sasa si mkwangue!"

"Kukwangua rangi ya Taifa ni uhaini mdogo."

"Mkubwa ni upi?"

"Kusema kwamba ilikuwa imefungwa."

Nikamsogezea ndimu. "Kwa hiyo miaka yote hiyo ya kusoma ng'ambo…"

"Imenifundisha kunyamaza kwa lugha mbili, Mama."

*

Kamati ilifanya kazi, msiseme haikufanya. Walileta shehe na padri wakaiombea koki kwa zamu. Walileta kwaya. Mtu wa utumishi akashauri kwamba pengine koki imekata tamaa kwa kukaa cheo kimoja muda mrefu, wakaipandisha, ikawa Koki Kuu Mwandamizi, na kibao chake kikapakwa zambarau. Dakta Luhende akaihutubia.

"Ndugu Koki," akasema, amesimama ukingoni mwa shimo, "Serikali yako inakutambua. Serikali yako inatambua kufunguka kwako kwa kihistoria. Tunachoomba, kwa unyenyekevu wa kitaalamu, ni kwamba uendelee kufunguka kwa kiwango ambacho mwananchi wa kawaida ataweza kukihisi."

Koki haikujibu. Siwatu, aliyekuwa anakinga ndoo yake chini, ndiye aliyejibu: "Isipokusikia wewe itamsikia nani, Dakta!" Akafukuzwa shimoni na ndoo yake ikiwa nusu.

Ndipo ikaja habari kwamba Mheshimiwa Mwenyewe atafika Jumamosi kupokea matokeo. Jumamosi! Harusi yangu Jumamosi! Kamati ikaingiwa na homa. Matokeo yatoke wapi? Koki haiwezi kufunguliwa, maana iko wazi. Haiwezi kuachwa, maana imeundiwa kamati. Wakakaa kikao barazani kwangu, mimi napita na sinia, nasikia kila kitu.

"Mabwana," akasema Dakta Luhende, "kuna nini pale shimoni ambacho ni kibovu bila kumgusa mtu yeyote?"

Wakafikiri. Halafu yule wa Utamaduni akasema, "Inavuja."

Niliona nuru ikiingia usoni mwa Dakta Luhende. "Inavuja! Koki iliyo wazi inaruhusiwa kuvuja. Kuvuja hakupingani na hotuba yoyote. Tutaziba!"

Sinia likanitoka mkononi. Vikombe vikasambaa baraza zima. Wakadhani ni furaha.

Nilimdaka Injinia Ndimbo nje, karibu na geti, nikamshika shati.

"Baba, kinachovuja ndicho tunachokunywa!"

"Najua, Mama."

"Ndicho kitakachompikia mwanangu pilau!"

"Najua. Na zaidi ya hapo, ukibana zile nati, ile kamba itaikaba fimbo, koki itakuwa ngumu mara mbili. Tena pale ndipo bomba zima lilipokuwa likipumulia. Ukilikaba pua, nguvu yote inarudi Kilimani, na mabomba ya Kilimani ni ya wakoloni, yamejaa viraka."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia kwa tahadhari."

"Umesemaje?"

Akainamisha kichwa. "Nimesema, hongereni."

*

Kesho yake shimo likazungushiwa uzio ili lipambwe. Foleni yetu ikavunjwa. Mapipa yangu, niliyokuwa nikiyajaza kwa ndoo za majirani, yakabaki na maji ya kufikia kifundo. Nilimwomba mlinzi, nikamwimbia, nikamtukana, nikamletea maandazi. Alikula maandazi.

Jumamosi asubuhi, turubai limefungwa, viti vimepangwa, sufuria zimeinamishwa jikoni kama zinasali. Ng'ambo ya barabara bendi inapiga. Mheshimiwa akashuka shimoni na spana ya zambarau, akabana nati ya kwanza, akabana ya pili, na kile kidole chetu kikanywea, kikawa uzi, kikawa tone, kikaisha. Mtaa mzima ulishangilia. Tulikuwa tumepangiwa pa kushangilia.

Halafu, kwa furaha ya ushindi, Mheshimiwa akauegemea usukani kwa mkono wake wa kulia ili apigwe picha. Rangi ilikuwa imepakwa alfajiri. Akautoa mkono ukiwa zambarau mpaka kwenye saa.

"Maji," akasema.

Dakta Luhende akageuka. "Maji!"

Wajumbe wakageuka. "Maji! Maji!" Neno likapita mstari mzima wa wageni waalikwa, likapita bendi, likapita walinzi, likafika mwisho wa mtaa, likarudi peke yake. Mtu akaleta soda ya chungwa. Mheshimiwa akanawa nayo, mkono ukabaki zambarau na sasa ukawa unanata, nzi wakamfuata. Kuona hivyo Dakta Luhende, mtu mwepesi kuelewa, akauweka mkono wake usukanini mpaka ukakolea, akaunyanyua juu. Wajumbe wote wakafuata. Tukaambiwa na sisi tupite kwenye usukani, mmoja mmoja, tuonyeshe umoja. Nami nilipita, nimevaa gauni la harusi ya mwanangu.

Gari la Bi Kirembo lilikuwa limesimama pembeni, dirisha limeshushwa. Aliona yote. Akashuka, akaingia uani kwangu, akafunua pipa la kwanza, akafunua la pili. Hakusema neno baya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Zawena, mwanangu, ingia garini," akasema. "Mkwe, kiti chako cha mbele kipo."

Zawena alinitazama. Nikamwambia aende. Mtu hawezi kuolewa kwa kiburi cha mama yake. Lakini mimi sikwenda. Nilikaa turubaini, viti vyote vitupu vikinitazama, mkono mmoja zambarau. Kichwa kikaanza kuniuma.

*

Adhuhuri simu ikalia. Siwatu, aliyekwenda Kilimani kwa niaba ya tumbo lake.

"Shoga! Shoga, fungua geti!"

"Kuna nini?"

"Bomba limepasuka! Uani kwa Bi Kirembo, chini ya meza ya keki! Limemrusha shehe! Maji mpaka magotini, viti vinaelea, na sasa limepasuka jingine kwa jirani! Tunakuja kwako, shoga, ndiko kukavu peke yake mji huu!"

Nikatoka nje. Wakaja kweli, wanateremka barabarani: wanawake na sufuria za pilau vichwani, iliyokwisha kupikwa, jamani, bado inafuka, Mahfudhi amembeba Zawena mgongoni kama gunia la thamani, shehe ameloa mpaka kilembani, na mbele yao wote Bi Kirembo, viatu mkononi, hina ya miguu imefunikwa na matope.

Akasimama getini. "Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Kwangu hakuna hodi, Bi Kirembo. Ingia. Ila samahani, hakuna ya kunawa miguu."

Nyumba ikajaa. Ndoa ikafungwa turubaini, shehe anatetemeka kwa baridi. Watu walikuwa tayari wanakula kavu, pilau na kwikwi, wakipigana migongo, mpaka ndiyo ya Zawena ikaulizwa mara ya pili kwa sababu ya kwanza ilimezwa na kwikwi ya mjomba.

Na katikati ya hayo tukasikia mvumo. Yalikuwa ni maji. Yalikuwa yameifuata harusi, kutoka Kilimani mpaka Teremkoni, kwa barabara, mekundu, yamebeba kandambili na kipande cha keki. Yalishindwa kupita kwenye bomba, yakaja kwa miguu kama sisi wengine. Nyuma yake lilikuja gari la matangazo, likitembea taratibu ili lisizame, na sauti ya Dakta Luhende ikitoka kwenye spika: ahadi imetimia, maji sasa yanafika mlangoni kwa kila mwananchi, wananchi wanaombwa kunyanyua mikono.

Injinia Ndimbo alikuwa mezani kwangu, ameshika sahani.

"Baba," nikamwambia, "yatatufikia ndani haya. Dawa yake nini?"

"Moja tu, Mama. Kufungua ile koki, nguvu ishuke."

"Mheshimiwa kaondoka. Dakta yuko kwenye spika. Hakuna anayekutazama. Si ukaifungue!"

Akatazama ng'ambo, pale shimoni, usukani unang'aa juani. Akautazama mkono wake. Nilimwona akifikiri kweli, nadhani kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka ng'ambo.

"Haiguswi, Mama," akasema. "Rangi bado mbichi."

Nikampokonya sahani. Halafu nikapandisha gauni la harusi mpaka magotini, nikachukua ndoo, nikamwambia Bi Kirembo achukue nyingine, tukatoka barabarani kuteka.